Salamu ya Siku Thelathini

Mwaka wa tisini na saba, asubuhi moja ya mwezi wa pili, Mbeke alimsalimu mumewe barabarani, na salamu hiyo ikamgharimu mume siku thelathini.

Hakumtupia sigara wala barua, wala hakumficha kisu ndani ya mkate kama wale wajanja tunaosimuliwa. Alitoka tu kumwaga maji ya vyombo, akaona gengi la wafungwa linapita kwenda shambani, wamevaa zile sare za jela ziitwazo kunguru, majembe mabegani, na katikati yao akamwona Mbithi. Ulimi ukamtangulia. "Baba Ndulu! Habari ya asubuhi?" Naye Mbithi, aliyekuwa ameitwa kwa nambari miezi kumi mfululizo, aliposikia jina la mtoto wake alisahau alipo. "Niko mzima, Mama Ndulu!" Maneno manne tu hayo.

Mfungwa akiwa kazini nje haruhusiwi kuongea na raia. Askari jela wa siku hiyo alikuwa mgeni kazini, na wageni kazini wana bidii ya kuchukiza. Akatoa kidaftari akaandika. Kesho yake Mbithi akasimamishwa mbele ya afande mkubwa, akakatwa siku thelathini za remisheni. Na remisheni ndiyo mali pekee aliyo nayo mfungwa. Aliyefungwa miaka tisa kama yeye, akikaa kwa nidhamu, husamehewa mitatu na kutoka baada ya sita. Ila hiyo mitatu si yake mpaka siku anapokanyaga nje ya lango. Kabla ya hapo, afande yeyote aliyeamka vibaya anaweza kuimega.

Kosa lenyewe lililompeleka ndani lilikuwa kubwa, na Mbithi hakuwahi kulikana. Alikuwa mkulima wa vitunguu kule Illasit. Zamu yake ya maji ya mfereji ilichukuliwa na jirani mara ya tatu, wakashikana, akampiga kwa mpini wa jembe. Jirani akafa siku ya pili. Mbeke alimpeleka binti yao Ndulu, mwenye miaka miwili, kwa nyanyake mzaa mama kule Makueni, kisha akauliza mumewe amepelekwa jela gani. Alipoambiwa ni jela ya shamba huku Kitengela, akaja na godoro lake na sufuria mbili. Alitafuta chumba ambacho mlango wake unatazama njia ya gengi, akakipata katika ploti ya mzee mmoja Mmaasai aitwaye Kasaine. Kilikuwa chumba cha mabati, joto mchana, baridi asubuhi, na mlango wake ulikuwa unatazama barabara. Hapo akawa anapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na kuwauzia wachimba mawe.

Baada ya ile salamu, hakuna aliyefungua kinywa tena. Siku ya kutembelea wafungwa ilikuwapo, mara moja kwa mwezi, lakini ilikuwa dakika tano za kupigiana kelele kupitia waya mbili, watu thelathini kwa wakati mmoja, kama mnada wa mbuzi. Hapo ndipo walipopatana alama zao. Mbeke akisimama nje na beseni jekundu, nyumbani ni salama. Akikaa chini, kuna neno. Mbithi akibeba jembe bega la kulia, ni mzima. La kushoto, anaumwa. Na wasitazamane usoni, maana hata macho yanaweza kuandikwa kwenye kidaftari.

Miaka mitano ikapita hivyo. Kila asubuhi Mbeke alikuwa na mume kwa muda wa kuhesabu hadi arobaini, kisha hakuwa na mume hadi kesho yake. Siku mama yake Mbithi alipofariki, Mbeke alikaa chini kando ya barabara na gengi likapita. Mbithi akajua kuna msiba, ila hakujua ni wa nani. Alilima na swali hilo kwa siku kumi na saba, mpaka siku ya kutembelea. Mbeke alizililia hizo siku kumi na saba kuliko alivyomlilia mama mkwe mwenyewe.

Mambo ya kumwambia mumewe yalizidi kulimbikizana. Ndulu ameng'oa jino. Ndulu amekuwa namba tatu darasani. Kasaine ameoa tena, uzee huo. Aliyatamka jioni akiosha sufuria, kwa sauti kabisa, halafu akajicheka. Alijiambia: siku akitoka, nitaongea mpaka anikataze.

Alitoka mwezi wa nne mwaka wa elfu mbili na mbili. Angetoka mwezi wa tatu, kama si ile salamu. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mweusi wa Kitengela ulikuwa umeshika viatu vya kila mtu. Mbeke alifika langoni mapema, amevaa gauni la kanisani. Mlango mdogo ukafunguliwa, Mbithi akatoka na mfuko wa karatasi, suruali ya mwaka wa tisini na sita ikimpwaya kiunoni. Akaangalia chini, akampita mkewe kama mtu anavyoupita mti, akavuka barabara.

Mbeke alidhani anamwogopa askari wa lango, akanyamaza. Wakatembea, kila mmoja upande wake wa barabara, karibu kilomita nzima, na langoni pa ploti Mbithi akavuka na kusimama mbele ya mlango wa chumba. Mlango haukuwa umefungwa. Alisimama tu, mikono ubavuni, mpaka mkewe akaja akausukuma. Mwanaume mzima alikuwa amesahau kwamba mlango unaweza kufunguliwa na yeyote.

Tuseme kweli, Mbeke alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa ugonjwa, hata kwa pombe. Hakuwa amejiandaa kwa "ndio". Chakula kimeiva? Ndio. Umeshiba? Ndio. Unajua Ndulu sasa ako class three? Ndio. Alikula haraka, ameinama, mkono mmoja umeizunguka sahani. Alfajiri aliamka, akakunja blanketi pembe nne, akachuchumaa kando ya ukuta akisubiri kuhesabiwa. Wala hakumtazama mkewe usoni hata mara moja.

Wiki ya pili mzee Kasaine akaja kulalamika. "Takwenya!" alimwamkia Mbeke, naye akaitikia, "Iko!" Mzee akaegemea fimbo yake. "Sasa, Mama Ndulu, hii mzee yako iko na shida na mimi? Inapita boma yangu kila siku. Mimi nasema sopa, yeye anaangalia chini. Mtu haipiti boma ya mtu namna hiyo, kama ng'ombe imepotea."

"Mvumilie, mzee. Alikuwa mahali salamu ni makosa."

"Makosa?" Kasaine alitikisa kichwa. Alikuwa ameona mengi, lakini hilo lilimshinda. Akaenda zake akinung'unika.

Jioni hiyo Mbeke alishindwa kujizuia. "Kwani nimekukosea nini, Baba Ndulu? Nimekungoja miaka sita. Sasa uko hapa na niko pekee yangu kuliko ukiwa huko. Wiki kesho shule zinafungwa. Nataka kuleta mtoto. Nitamwambia nini? Baba yako ni huyu, lakini haongei?"

Mbithi alikwangua udongo kwenye kiatu. Kisha akasema, akiambia kiatu, "Nikitaka kuongea na wewe, nasikia siku zangu zikikatwa. Najua hakuna. Lakini nasikia."

"Na wengine je? Yule wa duka unamwongelesha."

"Yule hakuwahi kunikatisha siku."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mbeke alitoka nje akalia nyuma ya choo, mahali pekee penye faragha katika ploti ile. Aliilaani ile asubuhi ya tisini na saba, na yale maji ya vyombo, na ulimi wake. Akaamua hatamleta Ndulu. Mtoto asionjeshwe ukimya kama ule.

Asubuhi yake alipoamka, Mbithi hakuwamo, na jembe lililokaa nyuma ya mlango halikuwamo pia. Blanketi lilikuwa limekunjwa. Mbeke akadhani ameondoka, na kwa aibu yake alihisi wepesi kidogo. Akafungua mlango.

Alikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa anatembea polepole kandokando, saa ile ile ya gengi, katika njia ile ile, jembe bega la kulia. Alipofika mkabala na mlango akainua macho, akangoja.

Mbeke alielewa kabla hajajua ameelewa. Akarudi ndani mbio, akachukua beseni jekundu, akasimama nalo nje. Na Mbithi akamtazama. Tangu atoke jela, hiyo ndiyo mara ya kwanza, na alikuwa amezeeka, maskini, na macho yake yalikuwa na maji.

Hapo hapo gengi lenyewe likatokea kwenye kona, wafungwa ishirini na askari wawili. Lori la mawe lilikuwa linakuja kwa kasi. Askari akapaza sauti: "Simama! Chuchumaa, watano watano!" Wafungwa wakachuchumaa kando ya barabara, na Mbithi, mtu huru mwenye barua ya kuachiliwa mfukoni, akachuchumaa pamoja nao, kichwa chini, jembe mbele yake. Mmoja wa wafungwa akacheka. Askari hakumwona hata.

Lori likapita. Mbeke akaweka beseni chini. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuvuka barabara wakati gengi likiwa pale. Akavuka, matope mpaka vifundoni, akachuchumaa kando ya mumewe, bega kwa bega, magoti yakimlalamikia.

"Baba Ndulu," alisema, kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona. "Habari ya asubuhi?"

Mbithi alizidi kuinamisha kichwa. Gengi liliamriwa kusimama, likasimama, likaondoka na majembe yake, na kishindo cha viatu kikapotea upande wa shamba. Wao wawili walibaki wamechuchumaa kando ya barabara tupu. Kule ng'ambo Kasaine alikuwa ametoka langoni akiwashangaa. Mbeke hakurudia salamu, wala hakuinuka.

"Niko mzima," Mbithi alisema mwishowe.

Akaangalia kule gengi lilikoelekea.

"Wacha wakate."