Mnong'ono wa Kibogoyo

"Mwache ashuke, dada," alisema daktari wa wanyama. "Ukimkumbatia hivyo, wenzake watamwona ni kitu chako."

Mlezi alilegeza mikono shingo upande. Kama si chake, ni cha nani? Tumbili huyu aliletwa kwenye kituo cha wanyama yatima hana hata jino, ndiyo maana akaitwa Kibogoyo, na yeye ndiye aliyemlea kwa chupa kando ya jenereta. Pale, kwa ngurumo za mashine, asiyepayuka hasikiki. Kibogoyo akakua akipayuka: akitaka maziwa, akitaka kubebwa, akitaka tu kutazamwa. Akipotea, mlezi aligonga ulimi kwa nguvu mara moja, naye huyo, mbio hadi begani.

Kisha wakahamishiwa banda la pembeni, karibu na miti, ambako tumbili wa mwituni huitana kwa miguno ya chini wasije wakajiitia tai. Jike mmoja mzee akaanza kuja kwenye wavu. Kibogoyo naye akajifunza kumgunia taratibu, wakawa kama mashoga wanaoteta. Roho ilimuuma mlezi, tena sana.

"Mimi ananibwatukia kama mlevi," alilalamika, "halafu yule wa juzijuzi ananong'onezwa!"

Daktari alicheka. Mwenzake hakuwa anatania.

Leo lango lilikuwa wazi. Kundi la yule jike lilikuwa linajiandaa kuhama, na kama lisingempokea sasa, Kibogoyo angeishi bandani maisha yake yote. Mlezi alilijua hilo vizuri.

Kibogoyo alishuka. Jike akaguna kutoka nyasini. Kibogoyo akaitikia kwa sauti ndogo, akasogea, akasogea tena, hadi jike akanyoosha mkono kumchambua manyoya. Hakugeuka nyuma. Hata kuaga, jamani! Wivu ukampanda mlezi, na kabla hajajizuia, ulimi ukagonga.

Kibogoyo aliruka, akapayuka kwa nguvu zake zote, akarudi mbio begani. Kundi zima likatimkia mitini, maana huko mpayukaji ni balaa. Jike alibaki kidogo, akatazama, kisha akawafuata wenzake.

"Umemwita?" daktari aliuliza.

"Amerudi mwenyewe. Si unaona anavyonipenda?"

Daktari alifunga lango, akaondoka.

Kibogoyo alikuwa begani, lakini amempa mlezi kisogo. Aliguna kuelekea mitini, polepole, akanyamaza kusikiliza, akaguna tena.