Kinyonga Aliyeitwa Valère

Godelieve aliniachia kinyonga wake stesheni, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitenge, dakika chache kabla treni ya Kongolo haijaondoka. Ilikuwa Septemba 1960, na mji wetu ulikuwa bado unaitwa Albertville. Baba yake, karani wa reli, alikuwa amehamishwa, na mama yake alikwisha apa kwamba mnyama yule hatapanda behewa moja na watoto wake. Godelieve hakulia. Alinipa maagizo tu, kama mtu anayemwachia jirani ufunguo: asibebwe kwa kiuno, anaudhika, asiwekwe karibu na kioo, anapigana na sura yake, anywe matone juu ya majani, maana maji ya sahani hayajui.

"Unitunzie mpaka nirudi, Emérance," alisema.

Tulikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu darasa la kwanza tulikuwa tukikaa dawati moja, na aliyekosa wino alichovya katika kidau cha mwenzake. Miezi miwili baada ya siku ile, treni za Kongolo ziliacha kwenda, na barua nazo zikaacha kuja. Papa, baba yangu, aliyekuwa mtu wa ishara pale reli, alirudi jioni na bendera zake mbili zimekunjwa, ya kijani na nyekundu, akasema njia imekatwa. Aliposema hivyo hakunitazama.

Kwangu Godelieve alikuwa amebaki katika umbo la kinyonga. Nilijua ni upuuzi, lakini nilikuwa nimeamini kwamba Valère akifa, treni ile haitarudi tena.

Jina la Valère lilitoka darasani. Mwaka uliotangulia Godelieve alikuwa amempeleka shuleni ndani ya mfuko wa daftari, na Mwalimu Firmin, badala ya kumfukuza, akaandika ubaoni kwa mwandiko wake wa mikia mirefu: le caméléon, kinyonga kwa Kifaransa. Akapigia mstari ile "le", akasema ni ya kiume, tusije tukaandika "la" kwenye mtihani. Basi Godelieve akachagua jina la mwanaume. Alichagua la mzee Valère, mkaguzi wa njia, ambaye naye alipima kila taruma la reli kwa mguu kabla ya kulikanyaga.

Nyumba za kambi ya reli zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, zote na ukumbi mdogo mbele. Nikifumba macho hata leo nasikia king'ora cha karakana, nasikia kina mama wa Moba, wa Kongolo na wa Kigoma wakitukanana kila mmoja kwa lugha ya kwao na kuuziana mboga kwa Kiswahili. Kulikuwa na harufu ya makaa ya mawe na samaki wadogo wa ndagala wanaokauka, na ule upepo wa ziwa ulioingiza mchanga kwenye ugali. Pale ukumbini Papa alikata tawi la mpera akalisimamisha ndani ya kopo kubwa, akalijaza kokoto za reli ili lisianguke. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya Valère. Alikula nzi waliofuata sinia la samaki la Mama.

Mama hakuwahi kumgusa. Alikuwa amezaliwa Zongwe, na kwao kinyonga alipishwa njia. Akitoka nje alipita upande wa pili wa ukumbi, akiniuliza bila kugeuza shingo: "Muntu wako amekula?"

Mwezi wa nne, mvua zilipokuwa zinaishia, muntu wangu aliacha kula.

Nzi walitembea juu ya paji la uso wake na ulimi haukutoka. Yale macho yaliyokuwa yakizunguka kila moja kwa safari yake yalizama, yakafumba mchana kweupe. Kijani chake cha jani la mgomba kiliondoka, akabaki na rangi ya makaa yaliyolowa, na madoa ya manjano. Cha ajabu zaidi, yeye aliyekuwa hashuki tawini alianza kushuka. Alikwaruza kokoto kwa mikono, akaanguka, akainuka, akakwaruza tena. Nilimrudisha juu ya tawi mara kumi kwa siku, nikijiona muuguzi hodari.

Kila mtu alikuja na dawa yake. Papa alileta kidonge cha kinini kutoka zahanati ya reli, akakivunja robo. Mama akamnyang'anya. Kinini kinavumisha masikio, alisema, na huyo masikio yenyewe hana. Nilimpeleka Valère kwa Mwalimu Firmin, naye akamchunguza kwa mbali, mikono nyuma. Alisema amefunga choo, jambo la kawaida kwa dume aliyezeeka, na kwamba tumpe mafuta ya mawese. Nilimfungua mdomo kwa kijiti cha kibiriti, nikamdondoshea. Siku ya pili yake alikuwa amelala chini ya kopo, mdomo mwekundu wa mawese, tumbo limemvimba vijinundu pande zote. Nilikaa chini karibu yake nikamwandikia Godelieve barua ya kumwambia nimemwua. Sikuwa na treni ya kuipeleka.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba akipasua samaki wa mikebuka. Alinisikia nikivuta kamasi. Kisu kikaendelea. Kisha kikasimama.

"Mulete hapa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimpeleka juu ya kiganja. Mama akafuta mikono kwenye kitenge, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayeingia kanisani. Aligeuza uso pembeni, akanyoosha kidole kimoja, na kwa kidole kile kilichokuwa kimefungua samaki tangu asubuhi ya usichana wake, akapapasa tumbo la Valère. Kidole kilipita taratibu, kikarudi. Hapo ndipo alipougeuza uso wake akamtazama.

"Huyu haiko mugonjwa," alisema. "Iko na mayai. Nani alikuambia njo mwanaume?"

"Mwalimu. Alisema ni le."

"Le njo nini?"

Nilimweleza. Katika Kifaransa, kila kitu ni mwanaume au mwanamke. Meza ni mwanamke. Kisu ni mwanaume. Mama alikiangalia kisu chake, akakigeuza juu chini, akauliza ni nani aliyekifunua.

Nilicheka, na nilipokwisha kucheka nikaona aibu. Miezi saba nyumbani kwetu tulikuwa tukisema amekula, amelala, ameshuka. Kiswahili hakikuwahi kunidanganya. Kilikuwa kimeacha mlango wazi, na mimi niliufunga kwa herufi mbili, nikamtia mama mjamzito mawese mdomoni na kumnyima mahali pa kuzalia.

Mama alisema kwao Zongwe vinyonga walishuka kwenye mashamba ya mihogo mvua zikiisha, wakachimba, nao watoto wa kijiji wakakimbia. Huyu alitaka udongo laini, tena leo, maana amechelewa. Tulitazama uwanja wetu. Ulikuwa umefagiwa na kukanyagwa tangu wakati wa Wabelgiji, mgumu kama sakafu. Halafu Mama alitupa jicho juu ya ua, kwa jirani, akarudi kwenye samaki wake. Hakuniambia lolote. Mama yangu alikuwa hodari wa kutokuambia.

Kwa jirani kulikuwa na kitanda cha mboga za lengalenga cha Mama Constance. Udongo wake ulikuwa mweusi, uliopepetwa na kumwagiwa maji kila jioni. Mama Constance, mke wa Papa Télesphore wa gari moshi, alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kinyonga ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote. Alikuwa amesikia kwamba mwenye mimba akimwona, mtoto atazaliwa na macho ya kutazama pande mbili. Kwa sababu hiyo hakukanyaga ukumbi wetu tangu alipojijua ana mimba. Siku hiyo alikuwa amekwenda soko.

Niliruka ua nikamweka Valère katikati ya mboga. Alisimama akiyumba, mkono mmoja hewani. Kisha akaingiza kichwa chini ya majani akaanza kuchimba. Udongo ukaruka. Nilikaa pembeni na fimbo, kwa ajili ya kuku, tangu asubuhi mpaka jua likageukia upande wa ziwa. Alizama mpaka mkia, akageuka ndani, akatulia. Alipotoka alikuwa mwembamba kama kamba, ngozi imelegea, matope usoni. Alianza kufukia shimo kwa miguu ya nyuma, akilikanyaga kwa uangalifu, na jicho lake moja lilifunguka likanitazama.

Lile la pili lilikuwa linamtazama Mama Constance, aliyesimama na kapu lake kichwani.

Saa kumi na mbili kambi nzima ilikuwa uwanjani. Mama Constance alikaa kwenye kiti, mikono juu ya tumbo, na hofu yake haikuwa ya kuigiza. Papa Télesphore aliongea kwa niaba yake, akataka niombe pardon, yaani msamaha. Kambini kwetu pardon haikuwa neno tu. Aliyeomba alikuwa amekubali kwamba ameharibu, na alitengeneza kwa mkono wake siku ileile, watu wakiona. Kutengeneza kwangu kulikuwa kuchukua jembe, kufukua kitanda kizima, na kuchoma udongo na kila kilichomo. Hakuna mwingine ambaye angefanya. Wanaume wale waliokuwa wakilisha moto gari moshi, hakuna hata mmoja aliyetaka kuingiza jembe mahali pale.

Papa alinipa jembe. "Omba pardon, mama yangu, tulale," alisema, kwa upole, kama alivyoniita alipotaka kitu kigumu.

Nilimtazama Mama. Alikuwa akihesabu samaki wake.

Niliweka jembe chini. Nilisema nitamletea Mama Constance mboga kila siku kutoka soko, nitamchotea maji mpaka ajifungue, lakini pardon sitaomba, kwa sababu nikiiomba nitachimba, na nikichimba nitaua. Papa alinichapa. Ilikuwa mara ya pili na ya mwisho katika maisha yangu. Maji nilichota, mpaka Agosti.

Agosti alizaliwa Immaculée, mwenye macho mawili makubwa yanayotazama upande mmoja. Valère tulimwachia jina lake. Alishalizoea, na lugha yetu haikulikataa. Aliishi mpaka Krismasi, akafa tawini amezeeka, akiwa amenenepa kwa nzi. Mvua zilipokolea, asubuhi moja kitanda kile kilifumuka. Walitoka mmoja mmoja, wadogo kuliko kucha, tayari wanapima njia kwa mkono. Nilihesabu thelathini na mmoja, kisha nikashindwa. Kwa wiki nzima kambi ya reli ilikuwa na vinyonga kwenye kamba za nguo.

Godelieve hakurudi. Mwaka wa 1964 nilisikia kwamba familia yao ilivuka mto Lualaba, wala sikupata mtu wa kuniambia walikoelekea. Thelathini na mmoja wote ningempa yeye.

Mwaka jana, siku nilipopata diploma yangu, Mama Constance alikuja kunipongeza akiwa amemshika Immaculée mkono. Alikunywa chai, akasifu nywele zangu, akaulizia wachumba. Akiwa ameshasimama mlangoni, akakumbuka.

"Lakini wewe Emérance," alisema, "mpaka leo haujaniomba pardon ya lengalenga zangu."

"Hapana, Mama Constance," nikamwambia. "Na siombi."