Sahani Chini ya Kawa

Dini ilishampa Jalila ruhusa ya kula mchana. Aliyejinyima ni yeye mwenyewe. Mimba yake changa, Ramadhani imeingia, naye anaishi Mtopanga kwa mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi Dhahabu. Angekula, nyumba nzima ingejua. Na mimba changa haitangazwi, macho ya watu yana mambo. "Funika kombe mwanaharamu apite," alimwambia mumewe Abubakar, naye akaiweka siri.

Basi akafunga. Daku yenyewe haikukaa tumboni. Akila anatapika, mara adhana hiyo, siku imekwenda. Alasiri anapika futari na kizunguzungu chake, mkono tumboni chini ya leso, ananong'ona, "Niwie radhi mwanangu, magharibi i karibu." Hofu ilikuwa moja tu: huyu humu ndani anakula nini?

Na chakula kipo! Kila adhuhuri Bi Dhahabu aliacha sahani jikoni, ameifunika kawa: leo viazi vya nazi, kesho mahamri kwa mbaazi. Kisha hujifungia chumbani kwake. Nyumba haina mtoto, haina mgonjwa. Jalila akajua ni mtego, anapimwa kama anafunga kweli. Hakuigusa hata siku moja; jioni Bi Dhahabu akiwamwagia kuku, nao ndio walionona. Mashetani hufungwa Ramadhani, wasema watu. Sijui dhana mbaya nayo hufungwa lini.

Mimba ikatoka. Nesi alimweleza kwa upole kwamba nyingi changa hutoka zenyewe, kwamba si saumu wala si kosa lake. Jalila aliitikia kwa kichwa tu. Moyo wake ulishajihukumu.

Walipomrudisha nyumbani, Bi Dhahabu aliingia na bakuli la uji.

"Jalila."

"Abee, mama."

"Chakula changu kilikuwa na nini, mwanangu?"

"Kipi, mama?"

"Nilichokuwekea jikoni. Ulipoanza kukimbia harufu ya vitunguu nilijua. Nikasema, hajataka kusema, nisimtie haya. Nikajifungia ndani ili ule kwa nafasi."

Jalila alimtazama. "Wallahi nilidhani wanitega."

"Nami nilidhani hupendi mapishi yangu." Bi Dhahabu akaketi kitandani, machozi yakimtiririka, akachota uji kijiko kimoja. "Kula, mwanangu. Sasa hatuna tena cha kuficha."

Nje watu walikuwa wakitoka kuswali adhuhuri. Jalila akafungua kinywa, akala huku analia, na mlango u wazi.