Mtoto Asiyelia

Jumamosi ilimkuta Wavinya nyuma ya jiko la mama yake huko Kalamba, simu mkononi, akihesabu dakika tatu. Hatua ya kwanza ya maisha, mwalimu wa chuo kule Kitui alikuwa amewaambia, mtoto hujifunza kumwamini mama. Mwache na mtu mwingine, kisha urudi. Ukitoka atalia, ukirudi atakukimbilia. Wenzake walipima watoto wa majirani. Yeye na kichwa chake kigumu akataka kumpima wake mwenyewe, Nzisa, wa karibu miaka miwili, ambaye humwona mara mbili kwa mwezi.

Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Lia basi, hata kidogo tu.

Aliporudi alimkuta kwenye banda la kuku na nyanyake, mgongo ameupa mlango. Hata hakugeuka. Wavinya aliumia, akaumia vibaya.

"Mwaitu, mtoto hanijui."

Mama yake, Syokau, akacheka. "Hakujui aje? Amekuona ukichukua kibeti, akanishika mkono mimi nyanyake: 'Susu, kuku!' Si wewe ukienda huwa namleta huku asikuone, asilie? Siku hizi ananileta mwenyewe. Huyu ana akili!"

Wavinya hakucheka. Kumtoroka mtoto ni jambo la kila nyumba pale. Hata yeye alitorokwa vivyo hivyo. Lakini sasa hakukalika. Alifua nguo safi, akafagia uwanja mara mbili, fomu ya jaribio aliyopewa chuoni ikabaki tupu. Aandike nini? Mtoto wa umri huo anayemrahisishia mamake safari hakuwa kwenye hatua yoyote waliyofundishwa.

Jumapili, waliporudi nyumbani kutoka kanisani, alichuchumaa mbele ya mtoto. "Nzisa, naenda Kitui. Nitarudi."

"Wee! Unataka kutuulia mtoto na kilio?" Syokau akafoka.

Nzisa alikitazama kibeti, akageukia bandani. Wavinya akamshika mkono. "Kuku baadaye. Niangalie nikienda."

Hapo uso ukakunjamana. Kilikuja kilio cha safari zote zile kwa pamoja, majirani wakachungulia. Aling'ang'ania sketi ya mamake hadi Syokau akambandua kidole kimoja kimoja, akinuna. Wavinya alishika njia bila kukimbia, akigeuka kila hatua chache ili aonekane. Ilikuwa ndiyo sauti aliyoiomba jana nyuma ya jiko, na ilimfuata mpaka barabarani.