Nani Anayeongea na Osée

Osée hakuwa bado na jino la pili, lakini tayari alikuwa amemchongea baba yake.

Émilienne alikuwa amempakata mbele ya nyumba yao ya Bigo, mtaa wa Bunia, akimlisha uji. Mtoto akasukuma kijiko kando, akaanza hotuba yake. Mtoto wa umri ule hupika sauti bila kutia nyama: ba-ba-ba, ma-ma-ma, na kila mama anazijua. Ila Osée alibana fizi zake, akavuma zzz kwa chini, akanyamaza kidogo, akavuma tena zzz kwa juu. Halafu akamkazia mama yake macho kama mtu anayengoja kujibiwa.

"Ee, nyuki huyu ametoka mu mzinga gani?" Émilienne akacheka.

Kicheko hakikufika mbali, kwa sababu nyumbani mwao hakuna aliyevuma hivyo. Yeye, binti wa Mahagi, alimwimbia mwanawe kwa Kialur na kumkemea kwa Kiswahili. Baba mtu, Augustin, fundi wa pikipiki, alikuwa na Kiswahili peke yake. Tangu uchumba alisema: wazazi walikufa, mimi ni mtoto wa mjini, kabila langu Bunia. Sasa mtoto haokoti sauti chini kama kokoto. Anaipokea kwenye mdomo wa mtu. Mdomo wa nani?

Jibu lilimfuata sokoni, alikouza samaki. Wanawake waliotoka Kpandroma, huko milimani, walikuwa wakishusha viazi huku wakitaniana kwa lugha yao, na katikati ya utani wao Émilienne akaisikia: meno yamebanwa, sauti inavuma bila kinywa kufunguka, inashuka, inapanda. Akabaki ameshika samaki wa chumvi mkononi, mteja anamngoja.

Yaya Hortense, aliyeitwa hivyo kama dada mkubwa, muuza makaa wa kibanda cha jirani, alikuwa na macho ya kuona hata yale yasiyokuwepo. Alipoambiwa, akafuta mikono taratibu.

"Mama Osée, siku unashuka ziwani Kasenyi kuchukua samaki, mutoto anabakia na nani?"

"Na baba yake."

"Na baba yake, na nani tena?"

"Yaya, usinianzishe."

"Miye sijasema kitu. Lakini mutoto hajajua kuongopa bado. Bwana yako iko na deuxième bureau, bibi ya pembeni, mwanamuke ya Kpandroma, na anamupelekea mutoto wako abembeleze. Ile sauti haishikwe mu siku moja."

Tangu hapo Émilienne aliona ushahidi kila mahali. Kila aliporudi kutoka ziwani alimkuta Osée ameoga, amepakwa mafuta mpaka nyuma ya masikio. Mwanaume gani wa Bunia anakumbuka nyuma ya masikio? Hiyo ni kazi ya mkono wa kike! Akamtega mumewe wakila.

"Baba Osée, mutoto anavuma sababu gani?"

"Anaota meno," Augustin akajibu, haraka mno, akainamia sahani.

Basi siku iliyofuata alijitwisha beseni tupu, akaaga kwamba anashuka Kasenyi. Akaenda mpaka kwa yaya Hortense, akanywa chai, akarudi kwa njia ya nyuma, akapenya kwenye uzio karibu na jiko. Shauri alikuwa amekwisha kulikata: akimkuta mwanamke ndani, anambeba mwanawe mgongoni na leo hii anarudi kwao Mahagi. Hakuna kikao, hakuna mjomba wa kupatanisha.

Akatega sikio. Ndani kulikuwa na sauti. Haikufanana na ya Augustin. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, yenye kucheka, na ilikuwa ikivuma.

Akausukuma mlango kwa teke.

Augustin alikuwa amepiga magoti, Osée mbele yake ndani ya beseni, povu kichwani. Émilienne hakusalimu. Alichungulia chini ya kitanda, akafunua pazia, akafungua hata pipa la maji.

"Iko wapi?"

"Nani?"

"Ule mwanamuke! Nimesikia sauti yake!"

Augustin akatazama povu. "Ile sauti ni yangu."

Ikabidi aseme, maana mke alikuwa amerudi kusimama mlangoni na beseni lake tupu kama ngao. "Nilizaliwa Kpandroma. Wakati ya vita ya makabila tantine, dada ya mama, alinikimbiza, akaniambia: ile luga, meza. Ukifungua kinywa mu barabara, tunakufa siye wote. Nikameza. Nilikuwa na myaka saba."

"Na miye ukanificha."

"Nilificha kila mutu. Na sasa luga iko mule mule na myaka yake saba, haikukomaa. Na wakubwa nitasema nini? Najua mbuzi, najua muguu, najua usilie. Ni Osée tu, tuko classe moja."

Kicheko kilimpanda Émilienne, akakimeza. Hofu nyingine ilikuwa imeingia pale wivu ulipotoka. "Kinywa ya mutoto haina frein, Augustin. Ataitoa fasi yoyote, mbele ya mutu yoyote, hata wenye hawajasahau vita. Yaya Hortense ameshajua ni ya wapi."

"Najua. Ukisema niache, naacha leo."

Émilienne aliweka beseni chini, akavuta kigoda, akaketi.

"Endelea."

"Mbele yako?"

"Nyuma yangu umeshaendelea vya kutosha."

Akajaribu. Akaishia kukohoa na kumpaka mtoto sabuni upya. Osée, aliyechoka kungoja, akapiga maji kwa kiganja, akavuma chini, akanyamaza, akavuma juu. Augustin akajibu kabla hajajizuia. Mtoto akangoja amalize, naye akajibu.

"Mumesema nini?"

"Yeye hajasema kitu. Miye nimesema maji imepoa."

"Na mbona mumeniangalia?"

"Hatukukuangalia."

"Mumeniangalia! Rudilia, polepole. Sitasengenywa mu nyumba yangu na mutu wa jino moja."

Augustin akarudia. Émilienne akasogeza kigoda, akabana meno, akavuma. Osée akaacha kuchezea povu, akamtazama mama yake kwa mashaka makubwa.