Kikohozi cha Daktari Sandhu

"Mwambie daktari aliokota njiani," Dale alisema, mikono kwenye usukani. "Mama, tafadhali. Kila mtu husema hivyo."

Verna Lindqvist aligeuka kumtazama mbwa wake. Kwenye kiti cha nyuma, Gus alikuwa amejilaza juu ya blanketi, ulimi nje, kichwa kinayumba. Mkojo ulikuwa umemtoka mara mbili tangu waondoke nyumbani. Mbwa huyu alikuwa akipanda naye gari la kusukuma theluji kila majira ya baridi, miaka ile Verna alipokuwa dereva wa barabara ya mlimani, na mngurumo wa injini haukuwahi kumtisha. Leo mlango ukifungwa tu anaruka.

Kosa lilikuwa la Verna, na alilijua. Tangu Juni alikuwa akimpa mafuta ya bangi kwa ajili ya maungo yake yaliyokakamaa, aina ile isiyolewesha, matone kumi kwenye siagi ya karanga kila asubuhi. Na Gus, ambaye Aprili alikuwa akibebwa kwenda kukojoa, akaanza kushuka ngazi za baraza mwenyewe. Jana dukani wakamwambia aina yake imekwisha, wakampa nyingine. Chupa ileile, kizibo kilekile. Asubuhi hakuvaa miwani asome kwamba hii inalewesha, akahesabu matone kumi kama kawaida.

Dale naye hakuamini hata zile ngazi. "Huyo hajapata nafuu, Mama, amelewa tu," ndiyo kauli yake. Wiki iliyopita alipiga simu kliniki ya wanyama bila kumuuliza mtu, akapanga sindano ya mwisho, ya kumuua Gus bila maumivu, siku ya Ijumaa. Kwa huruma, alisema. Huruma ya namna hiyo Verna aliichukia kuliko matusi.

Chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa. Mwanamume mmoja mwenye kofia yenye nembo ya mashine za kukatia miti alikuwa ameshika mbwa mkubwa mweusi anayecheka peke yake na ukuta. "Wangu aliokota njiani," akasema, na hakuna aliyemuuliza. Ukiwasikiliza watu wa bonde lile utadhani bangi humwagwa kwenye vijia vya milimani kama mchele wa harusini, na kumbe nusu yao wanayo kabatini, karibu na sukari.

Daktari Harleen Sandhu alimulika macho ya Gus kwa tochi. "Amekula nini?"

"Aliokota nji..." Dale akaanza.

"Nilimpa mimi." Verna aliitua chupa mezani kwa kishindo. "Matone kumi ya hii, saa mbili asubuhi. Andika."

"Mama!"

"Nyamaza, Dale. Andika, Daktari, na jina langu lote. Sijaiba kitu cha mtu."

Daktari akasoma chupa, akashusha pumzi. "Wewe ni wa kwanza mwaka huu kuniambia ukweli. Kwa wengine napoteza saa nzima nikitafuta sumu ya panya." Akamgeukia Dale. "Akikaa penye utulivu na joto, na maji haya ya kumwekea mshipani, atazinduka. Amelewa, hafi."

Na kweli, saa tisa alasiri Gus aliinua kichwa akanusa mfuko wa koti la Verna, palipokuwa na biskuti. Verna alilia waziwazi, kisha akajifuta kwa mkono wa koti na kurudi kwenye vita yake.

"Sasa niambie nimpe kiasi gani."

"Siwezi, Bi Verna. Siruhusiwi kumwandikia mnyama bangi. Nikikutajia kiasi, leseni yangu iko mashakani."

"Uliona alivyokuwa Aprili?"

"Niliona."

"Na Septemba, ulipomkata kucha?"

Daktari akatazama mlango. "Alipanda mezani mwenyewe."

"Umesikia, Dale? Kwa miguu yake." Verna akavuta kiti, akakaa. "Haya, Daktari. Kukohoa unaruhusiwa?"

"Kukohoa?"

"Mimi nitasema, wewe kohoa nikikosea tu. Nikimpa tena chupa hii ya leo..."

Daktari alikohoa mpaka miwani ikamteleza.

"Vizuri. Ile ya zamani, matone kumi?"

Akakohoa kidogo.

"Manane?"

Kikohozi chembamba, cha kuona aibu.

"Matano?"

Kimya. Daktari alikuwa akichunguza dari kwa makini sana.

"Matano," Verna alisema, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu ya Dale.

Gus alitoka kwa miguu yake, akipepesuka, lakini kwa miguu yake. Mapokezini Verna akasimama mbele ya watu wote. "Futa Ijumaa."

Msichana wa mapokezi akamtazama Dale, kwa kuwa ndiye aliyepiga simu. Dale alimtazama mbwa, aliyekuwa anavuta kamba kuelekea mlangoni kama zamani. Masikio yake Dale yaliwaka kwa aibu. "Futa," alisema. "Mwenye mbwa amesema."

Hapo yule mwenye kofia akainuka, akamsogelea Verna, akamnong'oneza. "Mama, samahani. Na wangu pia... hakuokota njiani. Unadhani daktari..."

"Usininong'oneze mimi," Verna alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuishinda injini. "Ingia ukamwambie. Ana kikohozi, si kiziwi."