Masharubu Mbele ya Upepo wa Jua

Niapisheni mtakavyo, haya ni kweli tupu. Nilisikia mwenyewe, na masikio yangu hayajawahi kunidanganya. Mdomo ndio wenye kesi zake.

Binti yangu anachunguza upepo wa jua. Si huu wa kukausha nguo. Ni plazma, gesi moto iliyobeba umeme, inayovuma kutoka kwenye jua. Ikifika karibu na sayari inajigonga, kama maji ya bomba juu ya bakuli lililofunikwa. Chembe nyingine hurudishwa, zikakutana na zinazokuja, zikawa kama watu wanaosukumana mlangoni. Fujo hiyo ya mlangoni ndiyo kazi yake. Vipimo vya chombo cha angani huvigeuza sauti, akasikiliza: shhh, fyuuu.

Siku hiyo hakutulia. Anakaa, anainuka, anang'ata kalamu. Msimamizi wake alitaka matokeo jioni hiyo hiyo. Nami sikutulia, maana kiherehere hakina dawa. Mara nikasikia: tik, tik, tik.

"Mwanangu, sayari inabisha hodi!"

"Baba, kwenye grafu hamna kitu."

"Grafu ina masikio? Nimetengeneza redio maisha yangu yote bila kufundishwa na mtu. Hiyo ni fujo mpya. Iandike, na jina langu liwemo."

"Na ikiwa si kweli?"

"Ninyoe masharubu!"

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. "Shahidi mimi," akasema, haraka kuliko nilivyopenda.

Masharubu yale, jamani, yaliingia kwenye harusi yangu kabla yangu. Nikaanza kuzunguka chumba. Binti akairudisha sauti nyuma, akaipunguza, akaiongeza, tik palepale. Nikavimba kama andazi. Akaandika sentensi, akaifuta, akaiandika tena.

Umeme ukakatika.

Kompyuta ilikuwa na betri, ikaendelea: shhh, fyuuu. Lakini tik... tik... ti... Kimya. Sote watatu tukageukia juu ya kabati, ambako feni niliyoitengeneza juzi, nikaapa haitapiga kelele tena, ilikuwa ikimalizia mzunguko wake wa mwisho.

"Sayari yako ile pale, baba," binti akasema, akifuta sentensi yake.

"Ngojeni umeme urudi, tuhakikishe..."

"Mama, wembe."

Nikakalishwa kwenye kigoda, taulo shingoni, povu puani. Nikafungua mdomo nieleze kuhusu masafa.

"Tulia, mume wangu," mke wangu akasema, wembe ukishuka. "Usije ukapata mdomo wa pili. Huo mmoja tu umetushinda."